Simu Iliyojiita Mwalimu

Hadithi, hadithi! Najua mtaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Basi sogeeni motoni. Mwezi wa saba hapa Njombe hadithi haisimuliwi mbali na jiko.

Ya leo nimeitunga mimi, lakini malighafi yake imejaa mtaani. Tena ina tofauti moja na zile za sungura na fisi. Katika hadithi, uongo tunaualika wenyewe, unatuchekesha, kisha unaaga. Uongo wa leo unakuja kwa simu bila kualikwa, na ukiondoka unaondoka na hela.

Palikuwa na mama mmoja, muuza viazi wa Makambako. Makambako mnaifahamu: barabara ya Songea inapoikuta ile kuu iendayo Mbeya na Zambia, stesheni ya TAZARA, malori usiku na mchana. Mama alikuwa anapanga viazi vyake kwenye sado karibu na stendi, akisaidiwa na kijana wa jirani aliye kidato cha pili. Binti yake mwenyewe anasoma bweni Njombe mjini, kilomita kama 60 kutoka hapo.

Simu ikaita. Namba ngeni, lakini juu ya kioo likatokea jina: MWALIMU MKUU.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

"Naongea na mama wa..." na hapo sauti ikataja jina la binti, la kwanza na la ukoo. "Mama, usishtuke."

Ukishaambiwa usishtuke, si ndiyo umeshashtuka? Sauti ikaendelea, haraka lakini kwa adabu zote. Binti ameanguka bafuni asubuhi. Yuko hospitali, anatakiwa kufanyiwa upasuaji. Walimu wamechanga, wanafunzi wamechanga, wazazi wenzako wamechanga. Imebaki laki moja na ishirini. Daktari amesimama, anasubiri. "Tuma kwenye namba hii hii, mama. Jina litakalotokea ni la mhasibu wetu, wewe endelea tu."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akabonyeza *150*00#.

Mwacheni hapo kidogo. Hela haijatoka, na nawaona wa nyuma mmenyoosha mikono: lile jina lilifikaje kwenye kioo?

Jina linalotokea simu inapoita halitoki serikalini wala shuleni. Kama namba uliihifadhi mwenyewe, simu inakuonyesha jina uliloandika wewe. Kama hukuihifadhi, na kuna mtu alikuwekea programu ya kutambua wapigaji, mfano Truecaller iliyoanzishwa Sweden mwaka 2009, basi jina linatokana na watu wengine: jinsi walivyoihifadhi namba ile, au jinsi mwenye namba alivyojiandikisha. Akijiandika Mwalimu Mkuu, hakuna anayefunga safari kwenda shule kuuliza kama ni kweli.

Hata namba yenyewe inaweza kuwa ya uongo. Simu ikitoka, mtandao unatuma pamoja nayo taarifa ya namba inakotoka. Utaratibu huo ulibuniwa zamani, kampuni za simu zikiwa chache na zikiaminiana. Siku hizi simu zinapigwa kwa intaneti, na mwenye mitambo yake anaweza kuandika pale namba anayoitaka. Ni kama bahasha: anwani ya mtumaji nyuma yake unaiandika wewe mwenyewe, na tarishi haulizi. Marekani walisumbuliwa sana na jambo hili. Mwaka 2010 walipitisha sheria ya kukataza kudanganya namba kwa nia ya kutapeli, na katikati ya 2021 kampuni kubwa za simu zikalazimishwa kuweka mfumo wa kuthibitisha namba kabla simu haijafika.

Mwaka huo huo wa 2021, Tume ya Biashara ya huko na majimbo mengi waliibana kampuni moja ya kuchangisha kwa simu. Ilikuwa imepiga simu bilioni 1.3 kwa watu milioni 67, ikiwaombea wagonjwa wa saratani, watoto, askari wastaafu na waliounguliwa nyumba. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 110. Wachangishaji hao waliweza kubaki na hadi senti 90 katika kila dola. Hawakuwa wezi wa kuvizia gizani, ofisi walikuwa nazo na wafanyakazi walikuwa nao.

Tapeli wa kwetu, mara nyingi, hahitaji mitambo yote hiyo. Anahitaji laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Mnakumbuka, au waulizeni wazazi, foleni za kusajili laini kwa alama za vidole zilizoishia Januari 20, 2020. Nia ilikuwa nzuri: kila namba iwe na mwenyewe, ajulikane kwa kitambulisho cha NIDA. Sasa mtazame mama aliyelima viazi miaka thelathini. Vidole vyake vimesagwa na jembe, mistari imefifia, mashine inamkatalia. Msajili wa pale chini ya mwavuli anamwambia, "Haijasoma mama, weka tena." Anaweka. "Tena kidogo." Anaweka. Msajili mwaminifu anamaliza kazi, anamkabidhi laini yake moja. Asiyekuwa mwaminifu, kidole cha pili kimeshamzalia laini ya pili, na hiyo inauzwa. Siku polisi wakifuatilia namba ya utapeli, wanabisha hodi kwa bibi ambaye hajui hata kuandika ujumbe.

Ndiyo maana lile neno "jina litakalotokea ni la mhasibu wetu" nalichukia kuliko yote. Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Ni nafasi yako ya mwisho ya kusita. Tapeli analijua hilo, kwa hiyo anakuwahi.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa takwimu kila robo mwaka, na mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa mbele kwa majaribio ya utapeli. Msiwacheke watu wa huko. Laini ya Rukwa inaita Makambako vizuri tu.

Mtoto mmoja ataniuliza kwa nini tusiache kuchanga kabisa, tukaishi kwa amani. Hapana. Nchi hii inaishi kwa michango. Tunazika kwa michango, tunaoza kwa michango, tunapaua makanisa na madarasa kwa michango. Tena kero nyingine si utapeli hata kidogo. Mweka hazina wa kamati ya harusi ya mtoto wa binamu ya jirani yako wa zamani, anayepiga saa tatu usiku kukumbusha ahadi ambayo hukuiweka, ni mtu halali kabisa. Anachosha, lakini halali. Huyo mjibu kwa upole kwamba mwezi huu huna, na kama kakuunga kwenye kundi la WhatsApp bila kukuuliza, toka. Hakuna aliyewahi kufungwa kwa kutoka kwenye kundi la harusi.

Ila penye huruma nyingi ndipo jina la uongo linapojibanza. Septemba 10, 2016 tetemeko liliipiga Kagera. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na nchi nzima ikachanga kupitia akaunti ya Kamati Maafa Kagera. Mwezi haujaisha, Rais Magufuli akatengua uteuzi wa viongozi wawili wa mkoani humo kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine, yenye jina lile lile. Tazameni ujanja wa aina hiyo: hauhitaji kumwibia mchangiaji mfukoni. Inatosha kumpa jina analoliamini.

Haya, turudi stendi. Mama ameshaandika namba, ameandika kiasi. Yule kijana wa sado akamshika mkono.

"Mama, kata simu. Tupige sisi."

"Anajua jina la mwanangu! Hadi la ukoo!"

"Hata mimi nalijua. Liko kwenye orodha iliyobandikwa ubaoni, liko kwenye kundi la wazazi. Mama, kata."

Sauti kwenye simu ilikuwa imewasikia. "Usikate mama! Ukikata mtoto anapoteza nafasi yake!" Na adabu yote ya kamwene ikawa imeisha.

Mama akakata. Hakuipigia ile namba iliyompigia, maana huko angempata mtu yule yule. Akafungua daftari lake la mauzo, ukurasa wa nyuma, alipoandika kwa kalamu namba ya matroni siku aliyompeleka binti bweni. Matroni akapokea kwa mlio wa vyombo. Binti? Yuko hapa, zamu yake ya kuosha masufuria, ongea naye. Binti akaja kwenye simu, na la kwanza alilomwambia mama yake ni kwamba sabuni imekwisha.

Mwalimu wa kweli hakasiriki ukimwambia "nakata, nakupigia sasa hivi kwa namba ya shule." Anayekasirika umeshamjua.

Sasa yale ya kazi. Kampuni za simu zikimpigia mteja hutumia namba 100. Anayejiita huduma kwa wateja kwa namba ya kawaida, mkatie. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Na kama hela imeshatoka, piga 100 dakika hiyo hiyo. Ukiwahi kabla haijatolewa kwa wakala, inaweza kuzuiwa. Usione aibu. Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mwenye kosa ni yule aliyepiga.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, kaeni na bibi zenu mkiwa na simu zao. Pigeni *106# mwone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha kila mmoja. Mkikuta namba asiyoitambua, kesho msindikizeni kwenye duka la mtandao huo, akiwa na kitambulisho chake, ifutwe.