Redio ya CD Inapiga Kelele? Usiitupe

Baadhi yetu hapa Bariadi tunazo redio kubwa za zamani zinazopiga CD. Siku moja trei, yaani kile kisahani kinachobeba CD, huanza kelele: kra-kra-kra! Hutoka, hurudi, hutoka tena. Wengine husema redio imekufa, huiuza kwa bei ya kutupa. Kumbe pengine kilichochoka ni kampira kadogo tu.

Kelele hutoka wapi?

Chini ya trei kuna mota ndogo. Mota huzungusha mkanda wa mpira, na mkanda huzungusha gia zinazovuta trei. Trei ikifika ndani hubonyeza swichi ndogo, na mota husimama. Mkanda ukilegea, huteleza. Trei haifiki, swichi haibonyezwi, basi mota huhangaika bila kukoma. Vumbi letu la kiangazi likiingia kwenye gia huzidisha kelele. Jino la gia likivunjika, hapo gia yenyewe ibadilishwe.

Tufanyeje?

1. Zima redio na chomoa plagi. Umeme wa volti 230 huua. Subiri nusu saa, kwa sababu vifaa vingine ndani huhifadhi umeme. Usiguse sehemu waya mkubwa unapoingilia. Kama hujawahi kufungua redio, mwite fundi, nawe ukae karibu uone.

2. Fungua skrubu, ziweke kwenye bakuli zisipotee.

3. Toa mkanda. Kama umelegea, unang'aa au una nyufa, nunua mpya. Nenda na ule wa zamani dukani ukapimie. Mpya uwe mdogo kidogo, maana wa zamani umevutika. Mpira wa kufungia noti haufai, hukauka upesi.

4. Futa magurudumu ya mkanda kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Acha yakauke.

5. Safisha gia kwa brashi laini, kisha paka grisi nyeupe kidogo sana. Usitie mafuta ya kupikia wala oili ya gari; hushika vumbi yakawa tope. Grisi isiguse mkanda.

6. Redio ikiwa wazi na inawaka, usichungulie kile kioo kidogo kinachosoma CD. Mwanga wake hauonekani vizuri, lakini unaweza kuumiza macho.

Je, CD huzipigi tena, unataka taarifa ya habari tu? Mwombe fundi achomoe waya wa mota ya trei, trei ikiwa imefungwa na haina CD. Katika redio nyingi stesheni zitaendelea kusikika na kelele itakoma. Ikigoma, airudishe waya.

Fundi akikuambia ubadilishe mashine nzima ya CD, hebu muulize kwanza: "Mkanda umeutazama?" Swali hilo moja laweza kukuokolea fedha ya pamba.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mota haisimami mkanda ukilegea?
2. Kwa nini tusitie mafuta ya kupikia kwenye gia?