Mafahali wawili walipokaa zizi moja

Wazee wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na mtu aliyeufuatia mchezo wa mpira wa kikapu wa Marekani mwezi wa Aprili mwaka 1970 angekuwa na haki ya kuukumbuka usemi huo. Katika mji wa Milwaukee, kando ya ziwa Michigan, palikuwa na kijana wa miaka 23, urefu wake futi 7 na inchi 2, ambaye timu nzima ya Milwaukee Bucks ilijengwa juu yake. Mwezi huo timu hiyo ikamchukua mtu wa miaka 31 kutoka mji wa Cincinnati, ambaye kwa miaka kumi hakuambiwa na mtu mpira uende wapi. Yeye ndiye aliyekuwa akisema.

Kijana aliitwa Lew Alcindor. Msomaji wa pwani atamjua zaidi kwa jina alilojichagulia mwenyewe, Kareem Abdul-Jabbar, na habari ya jina hilo tutaifikia. Mkubwa wake aliitwa Oscar Robertson. Miaka 31 si uzee, lakini katika mchezo ule wa kukimbia na kuruka ubao mzima wa sakafu usiku baada ya usiku, mtu wa umri huo magoti yake yamekwisha anza kumsimulia habari.

Basi swali lilikuwa hili: nahodha aliyezoea sukani ya chombo chake, umemtia katika chombo ambacho abiria wote wamekuja kwa ajili ya mwingine. Utampa kazi gani?

MWENYE KUGAWA MPIRA

Kwa wasiouzoea mchezo huu, tueleze kidogo. Kila upande una watu watano, na mmoja wao kazi yake ni kupandisha mpira kutoka nyuma, kuitazama safu ya adui, na kuamua nani apewe, wapi, na lini. Tumwite mchezeshaji. Katika kandanda tunaye kiungo, lakini kiungo anaweza kukaa dakika tano asiuguse mpira. Mchezeshaji wa kikapu anaushika karibu kila mara timu yake inaposhambulia, na katika ligi ya Marekani, NBA, ana sekunde 24 tu kabla timu haijatupa.

Robertson alikuwa mchezeshaji wa namna ambayo haikupata kuonekana. Katika msimu wa 1961-62, akiwa na Cincinnati Royals, alipata kwa wastani wa kila mchezo pointi 30.8, akadaka mipira 12.5 iliyorudi kutoka kikapuni, na akatoa pasi 11.4 za kufungia. Katika NBA ilipita miaka 55 kabla mtu mwingine hajaweza kumaliza msimu akiwa na wastani wa tarakimu mbili katika yote matatu. Mwaka 1964 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Alikuwa na nishani ya dhahabu ya Olimpiki ya Roma ya 1960. Kitu kimoja hakuwa nacho: ubingwa. Royals haikufika fainali hata mara moja katika miaka yake kumi.

Halafu akaja kocha mpya, Bob Cousy, ambaye naye zamani alikuwa mchezeshaji mashuhuri wa Boston. Hawakupatana. Ikapangwa Robertson apelekwe Baltimore, abadilishwe na Gus Johnson, lakini mkataba wake ulimpa haki ya kukataa, naye akakataa. Mtu huyu hakuwa mwepesi wa kuburutwa. Ndiye aliyekuwa rais wa chama cha wachezaji, na mwaka huo huo wa 1970 kesi ya wachezaji dhidi ya ligi ilifunguliwa kwa jina lake. Kesi hiyo iliyomalizika kwa mapatano mwaka 1976 ndiyo iliyowafungulia wachezaji mlango wa kujichagulia timu mikataba yao inapokwisha. Milwaukee walipokuja, wakitoa Flynn Robinson na Charlie Paulk, Robertson akakubali.

Alipofika huko hata nambari yake hakuipata. Cincinnati alivaa 14 miaka yote. Milwaukee nambari 14 ilikuwa na mwenyewe, Jon McGlocklin, kijana aliyewahi kucheza chini yake huko huko Cincinnati. Robertson akavaa nambari 1.

PENGO LILILOKUWAPO

Milwaukee ilikuwa timu changa. Ilizaliwa mwaka 1968, na katika msimu wake wa kwanza ilishinda michezo 27 na kushindwa 55. Mwaka 1969 ikarushwa sarafu baina yake na Phoenix kuamua nani amchukue Alcindor anayetoka chuo kikuu cha UCLA, ambako alitwaa ubingwa wa vyuo miaka mitatu mfululizo. Phoenix ikachagua upande mmoja wa sarafu, sarafu ikalalia mwingine. Kwa kijana huyo Milwaukee ikapanda mara moja hadi ushindi wa michezo 56, kisha ikatolewa na New York michezo minne kwa mmoja.

Mtu angeweza kusema kilichobaki ni kijana akue. Mimi naona walioiongoza timu hiyo walitazama vizuri zaidi. Robinson, ambaye kabla ya Robertson alikuwa akitegemewa katika walinzi, alikuwa mfungaji hodari, wastani wa pointi 21.8, na kwa tabia mfungaji akishika mpira hulitazama kwanza jicho lake mwenyewe linasema nini. Hapo mtu mrefu husimama chini ya kikapu, mkono juu, kama anayesubiri basi ambalo dereva wake ana safari zake.

Tuutazame sasa mpango wa Robertson. Hakuwa na papara. Kiuno na mgongo aliuweka baina ya mpira na mlinzi wake, na kwa kuwa alikuwa na futi 6 na inchi 5, mkubwa kuliko wengi waliopewa kumlinda, aliwasukuma nyuma hatua kwa hatua mpaka afike anapopataka yeye. Wakati huo Alcindor amekwisha tangulia, amekita miguu karibu na kikapu, mgongo ameuelekeza kwenye goli.

Hapo ndipo penye kazi, na watazamaji wengi hawapaoni kwa sababu macho yao yamekwenda kwa mrefu. Mpira ukimfikia mapema, kabla hajapata pa kusimama, mlinzi atamsukuma nje. Ukichelewa, wa pili amekwisha fika kusaidia. Ukimfikia chini penye magoti, ni lazima ainame, na mtu wa futi 7 akiinama, wafupi wote hupata ruhusa ya kuupapasa mpira wake. Robertson aliupeleka juu, upande asiopo mlinzi, na kwa wakati wake. Alcindor hakuwa na haja ila kugeuka na kuutupa kwa mkono mmoja ulionyooka juu ya vichwa vyote, mtupo ule ambao Wamarekani waliuita ndoana ya angani. Hakuna aliyeuzuia kwa ukamilifu mpaka mwenyewe alipostaafu mwaka 1989.

Na wakimbana wawili? Sheria za ligi siku hizo zilikataza kulinda eneo. Kila mmoja alinde mtu wake. Aliyekwenda kusaidia, basi, alimwacha mtu. McGlocklin alikuwa mtupaji wa mbali mwenye mkono laini, ingawa mstari wa pointi tatu ulikuwa bado, nao haukuja NBA ila mwaka 1979. Bob Dandridge alipenya kutoka pembeni, na Greg Smith alikimbia bila kuchoka. Kocha wao, Larry Costello, mchezaji wa zamani wa nafasi hiyo hiyo ya Robertson, alikuwa mtu wa daftari, mwenye mipango mingi ya kuchorwa. Lakini daftari halichezi. Uwanjani aliyejua kila mmoja asimame wapi alikuwa Robertson, na asiyesimama hapo aliambiwa, tena si kwa upole. Haikuwa siri katika ligi kwamba alikuwa mkali wa maneno kwa wenzake.

ALIYETOA NA ALIYEPOKEA

Hesabu za msimu wa 1970-71 zina jambo la kushangaza. Pointi za Robertson zilishuka kutoka 25.3 hadi 19.4. Pasi zake za kufungia hazikubadilika: 8.1 mwaka uliotangulia, sasa 8.2. Mtu anayesoma karatasi tu atasema mzee amepungua. Lakini tazama upande wa pili. Alcindor alipanda kutoka pointi 28.8 hadi 31.7, na mitupo yake iliyoingia ikapanda kutoka karibu 52 hadi karibu 58 katika kila 100. Na Milwaukee ikawa timu ya kwanza katika historia ya NBA kuingiza zaidi ya nusu ya mitupo yake yote kwa msimu mzima. Pasi zilikuwa idadi ile ile. Zilichozaa ndicho kilichobadilika.

Husemwa mara nyingi kwamba Robertson alikubali kuwa mdogo ili kijana awe mkubwa. Sikubaliani na wanaosema hivyo. Alichotoa ni pointi, amri hakuitoa. Aliyekubali jambo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kijana. Alikuwa tayari ndiye nyota, jina lake ndilo lililojaza viwanja, naye akakubali kukimbia mpaka mahali pake na kungoja apewe.

Walishinda michezo 66, wakashindwa 16. Waliwahi kushinda 20 mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea katika ligi hiyo. Katika mtoano waliiondoa San Francisco, kisha Los Angeles, na fainali wakakutana na Baltimore, mji ule ule ambao Robertson aliukataa mwaka mmoja nyuma. Kwa haki tuseme kwamba bahati iliwasaidia: Los Angeles ilicheza bila Jerry West na Elgin Baylor waliokuwa wameumia, na Baltimore ilifika imechoka baada ya michezo saba na New York, huku Gus Johnson akiuguza magoti. Hata hivyo nne kwa sifuri ni nne kwa sifuri. Usiku wa mwisho, tarehe 30 Aprili 1971, Robertson alifunga pointi 30. Alipohitajika kufunga alikuwa hajasahau.

Mwezi mmoja na siku chache baadaye jina la Alcindor likawa la zamani. Kijana alikwisha silimu tangu siku za UCLA. Tarehe 3 Juni 1971, Robertson, Costello na yeye walipokuwa wakijiandaa kwa ziara ya wiki tatu barani Afrika iliyotumwa na serikali ya Marekani, aliwaambia waandishi wa habari kwamba tangu hapo aitwe Kareem Abdul-Jabbar. Hapa kwetu jina hilo halina haja ya mkalimani. Lingeweza kuitwa katika chuo chochote cha Kurani toka Lamu hadi Vanga, na kila mtoto angejua kwamba Al-Jabbar ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu na huyu ni mja Wake. Kwa Wamarekani wengi wa wakati ule lilikuwa jambo zito. Jina la Alcindor, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitoka kwa mtu aliyewamiliki mababu zake utumwani. Robertson naye alikulia Indianapolis, katika shule ya watoto weusi peke yao, Crispus Attucks, akaiongoza kuchukua ubingwa wa jimbo mwaka 1955 na 1956. Wawili hawa hawakuwa na haja ya kuelezana kila kitu.

Usidhani jambo hili ni jepesi. Mwaka 2003 Los Angeles Lakers walimchukua Gary Payton, mchezeshaji wa miaka 35, wamtie katika timu ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant. Mpango wa kocha Phil Jackson uliuzungusha mpira kwa pembe tatu, wala haukumtaka mtu mmoja aushike na kuugawa. Payton, aliyeishi kwa kushika mpira, akasimama pembeni. Walifika fainali, wakapigwa na Detroit nne kwa moja. Waliununua ujuzi, kisha wakauweka kabatini.

Robertson alicheza mpaka 1974, akiwa na miaka 35, na mchezo wake wa mwisho ulikuwa wa saba wa fainali, waliposhindwa na Boston nyumbani kwao. Akaacha. Msimu uliofuata Kareem alivunjika mkono mapema, na timu ikamaliza kwa ushindi 38 na kushindwa 44. Mwaka 1975 akahamia Los Angeles. Huko alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1976 na 1977, lakini ubingwa haukuja mpaka alipowasili mchezeshaji mwingine mkubwa, Magic Johnson, mwaka 1979. Wakatwaa vitano pamoja. Kareem ana vikombe sita kwa jumla. Hana hata kimoja alichokipata bila mmoja wa watu hao wawili kumpelekea mpira.

Milwaukee ilikaa miaka 50 kabla ya kupata ubingwa wake wa pili, mwaka 2021. Jezi za wakubwa wake hazivaliwi tena na mtu, zimetundikwa juu: ya Kareem nambari 33, ya McGlocklin 14 ile ile, na ya Robertson nambari 1.