UTAMJUAJE MHUSIKA?

Mara nyingi katika mtihani wa fasihi tunaambiwa, "Eleza sifa za mhusika fulani." Wengi wetu huandika: ni mkarimu, ni mwaminifu, ni katili. Basi, kalamu chini! Alama zikipotea tunamlaumu mwalimu. Kisa na maana ni kwamba tumetaja sifa bila kuonyesha mwandishi amezifichua vipi. Hebu tutazame njia nne wanazotumia waandishi.

Kwanza ni jina. Njia hii huitwa majazi. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert alimwita mhusika wake mkuu Adili, na nduguze wawili akawaita Hasidi na Mwivu. Jamani, hapo si umeshajua nani atamtendea nani ubaya? Kikulacho ki nguoni mwako. Njia hii ni nyepesi, ila mhusika wa namna hii hatushangazi sana, maana jina limekwisha kumtangaza.

Pili ni maelezo ya mwandishi kuhusu sura, mavazi na hata vitu vya mhusika. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anajulikana kwa kiko chake. Tukimwona na kiko tunapata picha ya mtu mtulivu, anayefikiri kabla ya kunena.

Tatu ni mazungumzo. Hapa tuwe macho! Mtu anayesema kila saa, "Mimi sina makuu," huyo ndiye mwenye makuu. Tena tukisikia mhusika mmoja akimsema mwenzake, tujiulize kwanza kama ni rafiki au adui yake.

Nne ni matendo, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, hasa matendo ya mbali na macho ya watu. Chukua Utengano (1980) cha Said Ahmed Mohamed. Mbele ya umma, Bwana Maksuudi ni tajiri na mwanasiasa anayeheshimiwa. Nyumbani je? Mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna amewatawisha ndani kama wafungwa. Bi Tamima aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, aliitwa mkunga Bi Farashuu. Maksuudi aliporudi na kumkuta, alimpiga mkewe akampa talaka. Kwani kuna haja ya mwandishi kutuambia kwamba huyu ni katili na mnafiki? Tumejionea wenyewe.

Kwa hivyo katika mtihani, taja sifa, kisha tendo au neno linaloithibitisha. Sifa bila ushahidi ni uvumi tu.

Lakini faida haiishii kwenye karatasi ya mtihani. Sisi wa shule ya kutwa tunaonana shuleni na mtaani pia. Kijana aliye mpole mbele ya mwalimu, jioni unaweza kumkuta kwenye mfereji akimpokonya mtoto mdogo zamu ya maji. Tunapochagua marafiki, au tunapopendekeza viranja, tusidanganywe na jina zuri wala maneno matamu. Tumsome mtu kama tunavyomsoma Maksuudi: anatendaje kwa mnyonge asiyeweza kumshtaki?

Mwenye macho haambiwi tazama.