Dizeli ya Mimea na Oili ya Injini: Yapasayo Kuzingatiwa na Wenye Mitambo

Dizeli itokanayo na mimea, ambayo pia huitwa bayodizeli, imekwisha kuwa mafuta ya kawaida katika baadhi ya nchi za visiwa. Nchini Ufilipino, sheria ya mwaka 2006 iliagiza dizeli ichanganywe na bayodizeli, na huko hutengenezwa kwa mafuta ya nazi. Kiwango kilianza kwa asilimia 1 mwaka 2007, kikawa asilimia 2 mwaka 2009 na asilimia 3 mwaka 2024. Indonesia, itumiayo mawese, ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 40 mwaka 2025. Kwa visiwa vyenye minazi na visivyo na visima vya mafuta, jambo hili lina mvuto wake. Maelezo haya yanakusudiwa kuwafahamisha wananchi, pamoja na watumishi wenye dhamana ya magari, boti na jenereta, namna mafuta hayo yanavyoathiri oili na kulika kwa vyuma vya injini.

Kwanza ifahamike kuwa mafuta ya kupikia si bayodizeli. Injini aliyoibuni Rudolf Diesel ilionyeshwa Paris mwaka 1900 ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga, na wapo wanaodhani hadi leo kuwa mafuta ya nazi yaweza kumiminwa tangini yalivyo. Mafuta hayo ni mazito kutiririka kupita dizeli kwa kiasi cha mara kumi. Nozeli hushindwa kuyanyunyiza vyema, hayaungui yote, ringi za pistoni hunata kwa masizi, na mabaki huteremka kuiharibu oili. Ili kupata bayodizeli, mafuta ya mimea huchanganywa na methanoli na kostiki hadi gliserini ijitenge na kuondolewa. Kilo 100 za mafuta na kilo 10 za methanoli hutoa takriban kilo 100 za bayodizeli na kilo 10 za gliserini. Baada ya hapo bayodizeli huoshwa na kukaushwa. Ikiachwa na mabaki ya gliserini, methanoli au maji, huwa hatari kwa injini yoyote.

Bayodizeli iliyotengenezwa vizuri ina faida moja kubwa: hulainisha. Dizeli iliyoondolewa salfa hupoteza sehemu ya ulainishaji wake, na asilimia 1 au 2 tu ya bayodizeli hutosha kuurejesha. Kwa hiyo pampu ya nozeli, ambayo hulainishwa na mafuta yenyewe, hulika kidogo zaidi. Madhara huanzia mahali pengine, napo ni ndani ya oili.

Katika kila injini ya dizeli, kiasi kidogo cha mafuta yasiyoungua hushika kwenye kuta za silinda, hupenya kwenye ringi na kudondokea katika oili iliyo chini ya injini. Dizeli ya kawaida ina sehemu nyepesi zinazoanza kuchemka kwenye nyuzi joto zipatazo 180 za Selsiasi, hivyo injini ikishapata moto, sehemu hizo hugeuka mvuke na kutoka. Bayodizeli ya mawese au ya soya huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 300. Ikishaingia katika oili haitoki, bali hujikusanya siku hadi siku.

Matokeo yake huja kwa hatua mbili. Kwanza oili huwa nyepesi, na utando wake unaotenganisha chuma na chuma huwa mwembamba. Baadaye bayodizeli iliyomo huharibiwa na joto na hewa, ikazaa asidi. Dawa zilizotiwa katika oili ili kuizima asidi huisha kabla ya wakati, na asidi hiyo huanza kula shaba na risasi za beringi. Mwisho oili huwa nzito, hufanya tope na kuziba njia zake. Dereva aonaye kipimo cha oili kikipanda bila oili kuongezwa asifurahi. Hiyo ni dalili kwamba mafuta yanaingia.

Hatari hii si sawa kwa mitambo yote. Viwango vya dizeli vya Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 ya bayodizeli kwa injini za kawaida bila kuzirekebisha. Kadiri kiwango kinavyozidi ndivyo uangalifu unavyotakiwa, hususan kwa jenereta zinazofanya kazi nyepesi kwa saa nyingi, magari ya safari fupi yasiyopata moto wa kutosha, na magari mapya yenye chujio la masizi, kwa kuwa baadhi yake hunyunyiza mafuta ya ziada ndani ya silinda ili kulisafisha chujio hilo.

Kwa sababu hizo, wenye mitambo wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kusoma kitabu cha injini na kujua kiwango cha bayodizeli kinachoruhusiwa.

(b) Kupima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha injini na kuandika kipimo katika daftari la chombo.

(c) Kubadili oili mapema pale kiwango cha bayodizeli kinapokuwa kikubwa. Wapo watengenezaji wanaoagiza muda wa kubadili oili ukatwe nusu.

(d) Kuwa na filta ya mafuta ya akiba, kwa kuwa bayodizeli husafisha uchafu wa zamani wa tangi na kuuleta kwenye filta.

(e) Kukagua mipira ya mafuta, maana ile ya zamani huvimba na kuvuja.

(f) Kutoa maji tangini mara kwa mara na kutoweka bayodizeli kwa miezi mingi, kwani hunyonya maji na kuharibika.

Oili ya kubadilisha ni gharama ndogo ikilinganishwa na kuchonga krankshafti na kununua beringi mpya. Kwa boti inayobeba abiria, injini inayokatika mkondoni huhatarisha roho za watu. Manahodha, madereva na mafundi waonapo kipimo cha oili kimepanda wasiwashe injini hadi sababu yake ijulikane.