Moto huiunguza sukari, chumvi huiacha

Wengi wetu tukishachemsha maji tunaona yamekuwa salama kwa kila kitu. Sivyo. Mwulize mwanao wa sekondari walichofanya maabara.

Sukari huwekwa katika kijiko kimoja, chumvi katika kingine, chini yake moto. Sukari ni oganiki, yaani imejengwa kwa kaboni: kabla ya kufika nyuzi 200 huyeyuka, hugeuka rangi, mwisho hubaki mkaa. (Isijaribiwe jikoni na watoto, huunguza vibaya.) Chumvi ni inoganiki, huyeyuka kwenye nyuzi 801, moto wa sufuria hauiwezi. Tena maji ya chumvi hupitisha umeme, ya sukari hayapitishi.

Watu wa Uvinza walilijua hili bila maabara. Kwa zaidi ya miaka 1,000 walichemsha maji ya chemchemi zao vyunguni mpaka yakakauka, chumvi ikabaki. Misafara ya kati ya Tabora na Ujiji ilipita ikiinunua.

Basi kisima chako kikiwa na chumvi, au floraidi ile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia, kuchemsha hakuiondoi, ukizidisha, inakolea. Wanaokufa ni vijidudu, wa kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo usiache kuchemsha: yatokote, epua, funika. Floraidi haina ladha, hujulikana kwa kupimwa. Ikionekana imezidi, wanywesheni watoto maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, nayo yachemsheni.