Mafundi wa Liemba

Meli ya Liemba, iliyoitwa kwanza Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha, ikaletwa kwa bahari na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe na adui, lakini kwanza mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Busara hiyo ndiyo iliyoiokoa: iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Vitabu huwataja kwa majina mafundi Rüter, Tellmann na Wendt. Hatuwapunguzii sifa. Lakini Waafrika na Wahindi waliobeba mabamba ya chuma na kugonga ribiti hutajwa kwa idadi tu, kama magunia.

Sisi twasema: chombo kikongwe hakitengenezwi kwa fedha peke yake, bali kwa mkono unaokijua chuma. Kila Liemba itakapohitaji matengenezo, mgeni mwenye ujuzi na aje. Lakini kijana wa Kigoma na Ujiji awe ubavuni pake, ameshika nyundo, si kumshikia mwenziwe taa. Na jina lake liandikwe.