UNGUJA HADI MUSCAT: MASAFA, MUDA WA SAFARI NA KUSOMA SAA ZA TIKETI

Wananchi wa Unguja na Pemba, wakiwemo watumishi wa Serikali, husafiri kwenda Oman kuwazuru jamaa, kutafuta matibabu au kwa shughuli za kikazi. Msafiri aweza kuachwa na ndege si kwa kuchelewa njiani, bali kwa kuisoma visivyo saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Hivyo inafaa yafahamike mambo matatu: masafa, muda na tarehe.

Masafa baina ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume na kiwanja cha Muscat, yakipimwa kwa njia fupi kabisa, ni kiasi cha kilomita 3,900, yaani maili 2,400 hivi. Rubani hufuata njia za anga zilizopangwa, kwa hiyo masafa anayokwenda huzidi kidogo. Ndege ya jeti isiyotua njiani, yenye mwendo wa kilomita 800 na zaidi kwa saa, huchukua takriban saa tano na nusu, pamoja na kupaa na kutua.

Jambo la pili ni kuwa Muscat imetangulia Zanzibar kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya kila mji kwa mahali pake. Mathalan, ndege ikiondoka Zanzibar 16:00, yaani saa 10 jioni, itafika 22:30 kwa saa za Muscat. Ikiondoka Muscat 09:00, itafika Zanzibar 13:30. Kwenye karatasi, kwenda kunaonekana ni saa sita na nusu, na kurudi saa nne na nusu. Ndege haikuongeza mbio. Ni saa za miji zilizotofautiana.

Jambo la tatu ndilo lenye hatari zaidi. Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua. Tiketi ikisema 02:00, tarehe 15, maana yake ni saa 8 ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwa kuwa msafiri wa nje hutakiwa kufika kiwanjani muda wa saa tatu kabla, mtu huyo atoke nyumbani usiku wa tarehe 14. Akingoja usiku wa tarehe 15, atakuta ndege imekwishaondoka tangu usiku uliotangulia.

Hesabu ya wazee wetu, ambayo siku huanza Magharibi, hulingana na tiketi baada ya usiku wa manane tu. Saa 2 usiku, Alkhamisi, wazee huuita usiku wa Ijumaa. Tiketi huandika 20:00, Alkhamisi.

Mtumishi anayeomba ruhusa ahakikishe kuwa ruhusa yake inaanza kabla ya saa ya kufika kiwanjani, si siku ya ndege pekee. Mgonjwa mwenye miadi ya daktari ajiwekee nafasi ya siku moja au mbili. Asiye na hakika na aulize mapema alikonunulia tiketi, kisha aandike kando, kwa Kiswahili, siku na saa ya kutoka nyumbani.